Maziwa ya Nyumba ya Semivumbi

Goma, Alhamisi, mwezi wa sita, 1956. Jua kali, upepo, vumbi jeusi mpaka ndani ya meno.

Nimefika nyumbani Murara saa tisa mchana kwa lori la viazi kutoka Sake. Mgongo unaniuma, sijaoga, sijala. Nimefungua daftari hili la vipimo upande wa nyuma, mahali ambapo wateja hawaangalii, maana nisipoandika leo nitapasuka.

Jana nimelipiza kisasi.

Nilifurahi kuanzia jana mchana mpaka leo saa kumi. Sasa ni saa kumi na moja na nusu, jua bado liko juu ya ziwa, na furaha ile sijui niiweke wapi.

Nianze mwanzo, kwa sababu hasira inanifanya niruke mambo.

Nimekua nikijua kwamba nilikuwa na kaka aitwaye Bizimana. Zaidi ya jina nilijua jambo moja tu: alipotea barabarani akiwa na miaka mitano, wakati wa ile vita ya kwanza ya Wazungu, Wadachi wakiwa Gisenyi na Wabelgiji upande wetu huu. Mimi nilizaliwa vita imekwisha. Nyumbani kwetu jina hilo halikutajwa. Ukilitaja, Papa alitoka nje kuangalia mbuzi, hata mwaka ule ambao hatukuwa na mbuzi. Mama aliendelea kuchambua maharage.

Papa alirudi kutoka vita hiyo na bega moja limeshuka. Walimbebesha masanduku ya risasi mpaka Tabora. Hata alipozeeka, mtu akipuliza filimbi, iwe ni filimbi ya mpira wa watoto wa misheni, Papa alisimama wima na kunyoosha mikono yote miwili apokee mzigo. Watoto wa jirani walimcheka. Nimewapiga baadhi yao na sijajuta.

Kabla ya Pasaka aliugua tumbo, nikawa ninamwogesha. Ndipo nikaliona kovu, dogo, karibu na kitovu, limenyooka sawasawa. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kuliona. Nikamuuliza, na kwa kuwa mtu mgonjwa hana nguvu za kutoka nje kuangalia mbuzi, akanijibu.

Alisema hapo ndipo alipochanjwa siku alipokunywa damu na mtu aitwaye Semivumbi. Mimi niliyesoma misheni habari hizo nilizisikia kwa mbali tu. Wanaume wawili wanachanjana tumboni, kila mmoja analamba damu ya mwenzake katika unga kidogo wa mtama, na kuanzia siku hiyo hakuna kunyimana wala kushitakiana mpaka kufa. Atakayemtendea mwenzake ubaya, damu ile itamvimbia tumboni.

Halafu, akiangalia ukuta, akasema, "Bizimana hakupoteaka. Nilimuacha kwa Semivumbi."

Askari walikuwa wakikamata wapagazi. Mama alikuwa amechukuliwa siku mbili kabla, kubeba unga. Papa akabaki peke yake na mtoto. Akapanda naye usiku uleule mpaka kwa Semivumbi, juu ya Kibati, akamwacha, na kesho yake wakamkamata yeye. Aliporudi kutoka Tabora, karibu miaka miwili baadaye, Semivumbi alikuwa amehamia Masisi kufuata majani ya ng'ombe wake. Papa akakaa akingoja aletewe mtoto.

"Juu ya nini haukuenda kumuuliza?" nilimwambia.

Aliniangalia kama vile nimemuuliza kwa nini hakwenda sokoni uchi. "Mutu wa damu yako haumuulizake. Ukimuuliza, umemushitaki."

Baadaye watu wakamletea maneno kwamba wakati wa njaa Semivumbi alimtoa mtoto kwa watu, akapewa ng'ombe. Hata hapo hakwenda. Naye Papa alikuwa amemwambia Mama kwamba mtoto alimponyoka mkononi barabarani, katika msongamano wa wapagazi. Uongo huo ndio niliokua nao.

Alikufa wiki ya Pasaka na tumbo limevimba kama la mwanamke wa miezi minane. Daktari alisema ni ini. Papa hakumwamini daktari. Alikufa akiliogopa tumbo lake mwenyewe, akidhani yeye ndiye mwenye kosa, na hilo sitamsamehe mtu yeyote.

Siku tuliyomzika niliapa. Mimi sikulamba damu ya mtu, hakuna kiapo kinachonifunga mdomo. Kungoja pia sijui. Mume wangu alipokwenda Bukavu kutafuta kazi akachelewa mwaka, niliuza suruali zake.

Mashine yangu ya kushona iko barazani mwa duka, kando ya njia wanayopitisha ng'ombe wa kuchinja kutoka Masisi. Wachungaji wanachanika sana suruali. Wanakaa kwenye benchi langu wamejifunga kitambaa kiunoni, wakingoja, nami kabla ya kumrudishia mtu suruali yake nilimuuliza swali moja: unamjua Semivumbi? Mtu asiye na suruali hasemi uongo mwingi. Wiki mbili zilizopita mmoja akasema ndiyo, yuko, juu ya Sake, mzee kipofu, anatunzwa na mwanawe ambaye ni katekista.

Nikamuuliza mwana huyo anaitwa nani.

"Bizimana," akasema. Nilijichoma sindano mpaka kwenye mfupa.

Kwa hiyo hakumtoa kwa watu. Alimweka kwake. Nikaona ni ubaya mkubwa zaidi: aliyeuza mtoto kwa njaa anaweza kujitetea kwa njaa hiyo, lakini huyu alimfanya wake tu, akakaa naye, na baba yangu akioza kwa adabu zake huku chini.

Ofisini nilipata karatasi ya ruhusa ya kusafiri, siku sita, Jumatatu mpaka Jumamosi. Nikaandikisha kwamba ninakwenda kwa ndugu mgonjwa. Mama nilimwambia ninakwenda Sake kushona nguo za harusi. Nilitaka kumletea mwanawe ghafla, nimsimamishe mlangoni, nione uso wake.

Maneno ya kumwambia Semivumbi niliyashona kwa miezi, neno moja kwa kila mkanyago wa mashine. Nilitaka kuyasema mchana, majirani wakisikia.

Jana saa sita nilifika. Alikuwa amekaa juani kwenye mkeka, macho meupe, anapapasa fimbo yake. Nilimwangalia tumbo kwanza. Lilikuwa limeshikana na mgongo, bapa kabisa. Nilikasirika zaidi.

Kisha akatoka nyumbani mwanaume wa miaka arobaini na mitano, na nikaona mwendo wa Papa. Bega lake halikushuka, lakini ulikuwa mwendo uleule, wa kuweka kisigino chini kama anapima ardhi. Hakunijua. Alinisalimu vizuri, akanipa maziwa katika chombo cha mti, jinsi mgeni yeyote anavyopewa.

Nilikiweka chini bila kukitia mdomoni. Kwetu, mtu akitaka vita na nyumba, huanza hivyo.

Mzee alisikia mti ukigusa jiwe. "Ni nani anakataa maziwa yangu?"

Nikamtajia jina la baba yangu. Nilitegemea aogope. Alinyoosha mikono yote miwili hewani akinitafuta, na uso wake ukafunguka. "Kumbe ametuma mutu," akasema. "Nilijua atatuma mutu."

"Amekufa," nikamwambia. "Alikufa akingojea umurudishie mutoto wake."

Kaka yangu alikuwa bado amesimama. Alisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyelisema neno hilo moyoni mara nyingi, "Baba yangu alikuwa na miguu. Angekuya."

Ndipo nikajua alichokuwa amebeba. Alisema alikuwa na miaka kama minane alipowasikia wapita njia wakisema kwamba baba yake amerudi kutoka Tabora, mzima. Akakaa siku nyingi kwenye njia akiangalia bondeni. Hakuona mtu. Tangu hapo amejihesabu kuwa kitu kilichotupwa, na sisi wa Goma ametuchukia kwa moyo wake wote, katekista huyo, kila siku akifundisha watoto sala ya kusamehe.

Nikamgeukia mzee nimsikie atasema nini. Na mzee akasema jambo ambalo hata sasa linanitia wazimu.

"Mutoto wa mutu wa damu yako haumurudishake kama mbuzi iliingia mu shamba. Ukimurudisha, ni kusema amekuchosha. Nilingojea baba yake akuye na pombe, tukunywe, amuchukue."

Nilicheka, kicheko kibaya. Wanaume wawili wamekaa kila mmoja juu ya kilima chake, huyu hawezi kuuliza kwa sababu ya kiapo, huyu hawezi kurudisha kwa sababu ya kiapo kilekile, na katikati mtoto anaangalia njia.

Nikamuuliza alingoja mpaka lini. Angeweza kunidanganya, hakuna shahidi aliyebaki.

"Mwaka wa kwanza nilimungojea," akasema. "Wa pili nilimungojea. Wa tatu, nikaanza kuomba asikuye."

Hapo nilipata kisu nilichokitafuta. Nilimshika kaka yangu mkono. "Umesikia? Na mama yako iko muzima. Alikungojea kila siku. Kila siku, miaka yote hii."

Bizimana aliangalia miguu yake. Kisha akachukua kofia yake akatoka uani. Mzee alimwita. Akamwita tena. Mara ya tatu alimwita kwa jina la utoto, jina la kubembelezea, na kaka yangu hakugeuka.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipoagana akasema, "Siku ya Mungu nitashuka Goma kuona mama. Na ule muzee, akikufa, batu bengine bamuzike."

Padri hatanisikia nikiungama hili, kwa hiyo naliandika hapa: nilifurahi. Nilishuka mlima ule nikiimba. Nilimwona mzee kipofu nyuma yangu anapapasa chombo cha maziwa nilichokiacha, na nikaona ni haki, ahisi angalau siku moja yale Papa aliyoyahisi kwa miaka arobaini. Nililala Sake usingizi mzito bila kuota.

Leo saa tisa nimemkuta Mama mlangoni na ungo wake wa maharage. Sikuweza kungoja. Nilimweleza yote nimesimama, kifurushi bado kichwani: kovu, Semivumbi, Bizimana, mwaka wa tatu. Nilimwambia Jumapili anakuja.

Mama hakulia. Aliweka ungo chini.

"Walikupa maziwa?" akauliza.

"Walinipa. Nilikataa," nikasema, kwa majivuno.

"Mimi nilikunywa," akasema Mama.

Nilidhani uzee umemchanganya. Akaniambia nikae.

Alirudi kutoka kubeba unga kabla ya Papa, baada ya miezi michache, nyayo zimepasuka. Nyumba ilikuwa imechomwa. Hakumuuliza mtu yeyote, alijua mumewe angempeleka mtoto kwa nani. Akapanda Kibati kwa mguu. Ilikuwa njaa, na kando ya njia kulikuwa na watu waliokaa ambao hawangesimama tena. Alifika kwa Semivumbi, mwenye nyumba akiwa malishoni. Bizimana alikuwa uani, mashavu yamejaa, maziwa yamemganda juu ya mdomo. Alipomwona Mama alikimbia akajificha nyuma ya mke wa Semivumbi, na akamwita mwanamke huyo mama. Hakumtambua. Mama anasema hata yeye angejikimbia, alikuwa mifupa.

Mke wa Semivumbi alimtambua. Alimpa maziwa.

"Nilikunywa nikiwa nimesimama. Nilikunywa yote," Mama akasema. "Nilijua maana yake."

Nami ninaijua. Ukinywa maziwa ya nyumba, huwezi tena kuirudia nyumba hiyo na neno la kudai. Alimnunulia mwanawe uhai kwa kinywa chake, kisha akashuka peke yake kwenye nyumba isiyo na hata jani la mboga ya kibogi. Mke wa Semivumbi hakumwambia mumewe, au alimwambia naye akajifanya hakusikia. Mwanamke huyo amekwisha kufa.

"Na Papa aliporudi?" nikauliza. "Alipokuambia mtoto alimponyoka barabarani?"

"Nilijua anadanganya. Nikashukuru. Angejua, angeniuliza: ulimuona, ukamuacha?"

Basi walilala kitanda kimoja miaka arobaini, kila mmoja akimficha mwenzake mtoto yuleyule. Nilikua katikati yao nikidhani ni ukimya wa huzuni.

Nilimkasirikia Mama. Niandike kweli. Nilitaka kumshika mabega nimtikise. Papa alikufa akiliogopa tumbo lake, na neno moja la Mama lingemtuliza. Nilizunguka nyumba mara mbili, nikapiga teke ndoo, jirani akauliza kama kuna nyoka.

Halafu hasira ikanigeukia mimi mwenyewe, kwa sababu nilikumbuka nilichomwambia kaka yangu. Kila siku. Alikungojea kila siku. Ni kwa neno hilo nilimng'oa kwa yule mzee, na halikuwa kweli. Mama hakumngojea. Mama alikuwa amekwisha kumwacha, kwa macho yake wazi, ili aishi. Na Semivumbi aliyeomba Papa asije alikuwa akiomba juu ya mtoto ambaye mama yake alimkabidhi, hata kama yeye hakujua.

Nilirudi ndani nikamwambia Mama tunyamaze. Mke wa Semivumbi amekufa, Papa amekufa, tunajua mimi na yeye tu. Jumapili Bizimana atakuja, yeye Mama atalia, atapata mtoto wake anayeamini kwamba alingojewa. Mzee yule naye afe na mwaka wake wa tatu. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu, na nilikuwa namaanisha kila neno.

Mama alichukua ungo wake, akachambua maharage machache, akauacha tena.

"Na ule muzee," akasema, "nani atamuzika?"

Nilikuja hapa mezani, nikafungua daftari.

Sasa namsikia yuko jikoni. Amekiteremsha kile kibuyu cha maziwa kilichoning'inia juu ya moshi tangu nikiwa msichana, ambacho hatukuwahi kukitumia na ambacho nilipigwa siku nilipokichezea. Amekiosha kwa maji ya moto na sasa anakifukiza kwa majani, jinsi wanavyofanya watu wenye ng'ombe. Ameniagiza kesho mapema nipite Katoyi kwa yule mwanamke mwenye ng'ombe wawili. Anataka maziwa ya asubuhi. Anasema hawezi kuingia mikono mitupu katika nyumba ya Semivumbi, ambamo alikunywa maziwa.

Ana miaka zaidi ya sitini na miguu mibovu. Nimemwambia kwamba Bizimana akisikia kweli hiyo, anaweza asishuke Jumapili hii wala nyingine yoyote. Nimemwambia anaweza kumpoteza mara ya pili.

"Ninajua," akasema. "Fukiza upande ule."

Karatasi yangu ya ruhusa ina siku mbili bado. Mama hana karatasi. Tukisimamishwa njiani nitasema tunakwenda kwa ndugu mgonjwa, na safari hii sitakuwa nimedanganya.

Sijamsamehe Semivumbi. Mwaka wa tatu ni wake na atakufa nao. Lakini nimemchukulia mtoto kwa uongo, yeye ambaye angeweza kunidanganya jana akakataa, na hilo linaniwasha kuliko vumbi hili. Nitamwambia kaka yangu mbele yake: nilikudanganya, mama hakukungojea, huyu hapa, mwulize mwenyewe. Baada ya hapo atamchukia amtakaye. Huenda atanichukia mimi, na atakuwa na sababu nzuri.

Sasa hivi Mama ameniita nimshikie kibuyu akaze kifuniko, nikajikuta nimesimama wima, nimenyoosha mikono yote miwili, kama Papa akisikia filimbi. Mama aliona. Akakiweka mikononi mwangu.

Mlima ule ni mkali na yeye hawezi kupanda na mzigo. Kesho maziwa ya Semivumbi nitayabeba mimi.